Insha Imerudi na Wino Mwekundu: Dalili, Chanzo na Tiba

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, insha yangu ya pili ilirudi na maneno mawili yaliyoandikwa pambizoni mara nne: "Kwa hiyo?" Niliyapokea kama tusi. Jioni nzima nikarekebisha tahajia, nikageuza kila "lakini" kuwa "hata hivyo", nikachomeka nukuu mbili zaidi. Insha iliyofuata ikapata alama zilezile. Miaka ilipita hadi nilipokaa upande wa pili wa meza, kalamu nyekundu mkononi, nikajikuta nami naandika "Kwa hiyo?" kwenye kazi ya mtu. Hapo ndipo nilipoelewa: maoni ya msahihishaji ni dalili tu. Anakuonyesha panapouma. Ugonjwa mara nyingi uko aya tatu juu ya pale alipoandika.

Kwa hiyo tafuta hapa chini maoni yanayofanana na uliyoandikiwa. Anza na chanzo cha kwanza, maana ndicho kinachojitokeza zaidi, na fanya ukaguzi mwepesi kabla ya kubomoa ukuta. Mfano nitakaoutumia ni swali moja: "Je, ni kwa kiasi gani Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 uliigawa Afrika?" Nimelichagua kwa sababu karibu kila mtu huja na jibu lake mfukoni kabla hajasoma ukurasa hata mmoja.

DALILI: "Hujajibu swali"

Chanzo cha kwanza: umejibu swali jirani. Jicho likiona "Mkutano wa Berlin", akili inamwaga kila inachokijua: Bismarck, kansela wa Ujerumani, akiwa mwenyeji, mataifa 14, hakuna mtawala wa Kiafrika aliyealikwa. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyeuliza kilichotokea Berlin. Swali limesema "kwa kiasi gani", yaani linataka upime.

Ukaguzi wa dakika tano: kata swali vipande vitatu, ambavyo ni neno la agizo, mada na mpaka. "Eleza" linataka mtu aelewe jambo lilivyo na kwa nini liko hivyo. "Linganisha" linataka vitu viwili vipimwe kwa kigezo kimoja, si kusimuliwa kimoja kisha kingine. "Jadili" linataka misimamo inayogongana, na wewe uonekane umesimama wapi. "Tathmini" linataka hukumu, na hukumu bila vigezo ni maoni ya kijiweni. Mpaka ndio husahaulika kuliko vyote: miaka, eneo, kundi la watu. Ukiusahau, nusu ya insha inakuwa nje ya uwanja.

Chanzo cha pili: ulianza vizuri, ukapotelea njiani. Soma swali kwa sauti, kisha sentensi ya kwanza ya aya ya tatu, swali tena, kisha ya aya ya nne, hivyo hivyo hadi mwisho. Sentensi isiyosikika kama kipande cha jibu imekupeleka kwingine.

Chanzo cha tatu, na hiki ni nadra: swali lenyewe lina utata. Kama wewe na wenzako wawili mmelisoma na kila mtu ana tafsiri yake, SIMAMA. Usikisie. Mwandikie mhadhiri ukimwekea tafsiri mbili mezani, "Nimelielewa hivi, au ulikusudia vile?", badala ya kumwambia tu kwamba hujaelewa. Na umwandikie mapema, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

DALILI: "Maelezo mengi, hoja iko wapi?"

Hii ndiyo inayojaza foleni. Nusu ya dalili nyingine zote humu zinaanzia hapa, kwa hiyo hata kama hukuandikiwa maneno haya, pita.

Chanzo cha kawaida kabisa: huna dai, una mada. "Insha hii itajadili nafasi ya Mkutano wa Berlin katika kugawanywa kwa Afrika" ni tangazo la safari, bado hatujui unakwenda wapi. Kipimo chake ni chepesi: weka "Si kweli kwamba" mbele ya sentensi yako, kisha ujiulize kama kuna mtu makini anayeweza kuitetea sentensi hiyo iliyokanushwa. Jaribu:

"Mkutano wa Berlin ulikuwa tukio muhimu katika historia ya Afrika." Nani atabisha? Hakuna. Basi hujadai kitu.

"Mkutano wa Berlin haukuigawa Afrika. Uliweka kanuni za kinyang'anyiro kilichokwisha kuanza, na ugawaji wenyewe ulifanywa kwa mikataba ya nchi mbili mbili iliyofuata." Hili mtu anaweza kukubishia hadi jasho litoke. Tazama pia linavyokupangia kazi: aya za yaliyotangulia mkutano, aya za kile ambacho mkataba uliotoka Berlin wenyewe unasema, aya za mikataba ya baadaye kama ile ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na ya tarehe 1 Julai 1890. Dai zuri ni ramani ya insha.

Chanzo cha pili: dai lipo, ila limejificha aya ya mwisho. Si aibu. Wengi wetu hatujui tunachofikiri mpaka tumeandika kurasa nne. Aibu ni kukusanya kazi ikiwa bado hivyo. Tiba: kata aya ya mwisho, ibandike juu, futa utangulizi wa zamani wote (ndiyo, wote, pamoja na ile "Tangu zama za kale mwanadamu amekuwa..."), kisha andika hitimisho jipya. Hii ni kazi ya nusu saa, na sijaona marekebisho mengine yanayolipa kiasi hicho kwa jasho dogo hivyo.

Chanzo cha tatu ni woga. Mwanafunzi anaona hana ubavu wa kubishana na watu walioandika vitabu, basi kila aya inafunguliwa na jina la msomi: fulani anasema, fulani naye anaongeza. Kagua sentensi za kwanza za aya zako. Zikiwa na majina ya watu zaidi ya nusu, ziandike upya kwa sauti yako mwenyewe, na jina lisogee sentensi ya pili au ya tatu. Wasomi ni mashahidi wako. Hukumu unaitoa wewe.

Ukishajaribu yote na dai bado halijitokezi, acha kuandika. Tatizo liko kwenye usomaji. Huwezi kuchagua upande katika ugomvi ambao hujausikia. Rudi maktaba, tafuta waandishi wawili wasiokubaliana juu ya jambo hilo hilo, andika kwa sentensi moja wanachogombania. Kuendelea kuongeza aya kabla ya hapo ni kutwanga maji kwenye kinu.

DALILI: "Kwa hiyo?" au "Hii inaonyesha nini?"

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alichambua hoja kwa namna inayosaidia sana hapa. Alitenganisha dai, data unayolijengea, na kitu cha tatu ambacho watu hukisahau: kanuni inayoturuhusu kuvuka kutoka kwenye data kwenda kwenye dai. Mimi hukiita daraja. Ukiandikiwa "Kwa hiyo?", karibu kila mara daraja halipo.

Hii ni aya ya aina ninayoiona mara kwa mara:

"Ufaransa iliichukua Tunisia mwaka 1881. Uingereza iliivamia Misri mwaka 1882. Ujerumani ilitangaza himaya yake Togo na Kameruni Julai 1884. Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884."

Tarehe zote ni sahihi. Mwandishi anajua anachomaanisha. Msomaji anaona kalenda. Sasa hii:

"Mkutano ulipofunguliwa tarehe 15 Novemba 1884, kinyang'anyiro kilikuwa kimeshaanza. Ufaransa ilikuwa na Tunisia tangu 1881, Uingereza ilikuwa na jeshi Misri tangu 1882, na Ujerumani ilikuwa imetangaza himaya Togo na Kameruni miezi minne tu kabla. Tukio haliwezi kuanzisha kilicholitangulia. Kama Berlin ina lawama, basi ni ya kuongeza kasi ya ugawaji au kuupa sura mpya, si ya kuuanzisha."

Daraja ni ile sentensi fupi ya "Tukio haliwezi kuanzisha kilicholitangulia". Inaonekana kama jambo la kitoto, na ndiyo maana watu huiacha. Lakini ukiiandika, mambo mawili hutokea. Msomaji anavuka. Na wewe unaona ufa: maeneo manne si Afrika nzima, na mtu anaweza kusema ugawaji halisi ulikuwa bado. Vizuri. Afadhali ufa uuone wewe kwanza.

Ukaguzi mwepesi: baada ya kila takwimu, tarehe au nukuu, andika kwa penseli "hii inaonyesha kwamba..." na umalizie. Ukijikuta unarudia ushahidi uleule kwa maneno mengine, daraja hakuna.

Chanzo cha pili: dai ni kubwa kuliko ushahidi. Tafuta "daima", "wote", "kamwe", "kila" na "inathibitisha", kisha ulihoji kila moja. Mfano mzuri ni wa umiliki wa vitendo. Insha nyingi husema Berlin iliamuru kila eneo la Afrika likaliwe na kutawaliwa kwa vitendo ndipo dai la nchi ya Ulaya litambuliwe. Kumbe mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885 ulizungumzia maeneo mapya ya pwani tu. Neno moja, "pwani", na aya mbili zinaanguka. Ndiyo maana nawasihi watu wafungue waraka wenyewe wasitegemee muhtasari wa muhtasari.

Chanzo cha tatu: kudhani kilichofuata kimesababishwa na kilichotangulia. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaiser (mfalme mkuu wa Ujerumani) Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa maeneo ambayo Mjerumani Carl Peters alidai kuyapata Afrika Mashariki. Kalamu inawasha kuandika "kutokana na mkutano". Ila mikataba ya Peters ilikusanywa mwishoni mwa 1884, wajumbe wakiwa bado mezani. Ukaribu wa tarehe ni sababu ya kuchunguza, haujafika kuwa uthibitisho. Tafuta kiungo chenyewe: barua, kifungu, amri. Kama hukipati, andika "huenda" na uishi nayo. "Huenda" iliyowekwa mahali pake haipunguzi alama.

DALILI: "Umeegemea upande mmoja", na ndugu yake "Msimamo wako haueleweki"

Ya kwanza kwa kawaida haimaanishi kwamba hukutaja wapinzani. Uliwataja, ila uliwatengeneza wewe mwenyewe, dhaifu, ili uwaangushe: "Wapo wanaodhani kwamba Berlin watu walikaa na rula wakachora ramani yote." Ukaguzi: je, mpinzani wako angesoma maelezo yako ya hoja yake na kuyatilia saini? Toleo analoweza kulitilia saini ni hili: hata kama mipaka haikuchorwa pale, kukaa mezani bila Mwafrika hata mmoja na kukubaliana kanuni kulihalalisha, machoni pa Ulaya, madai juu ya ardhi ya watu wengine.

Huyo ndiye wa kupigana naye. Una njia tatu: kumkanusha, kumkubalia kwa sehemu, au kulipunguza dai lako. Wanafunzi wanaichukulia ya tatu kama kushindwa. Kwa mtazamo wangu ndiyo inayotofautisha insha nzuri na bora. Dai letu likipita hapo linatoka hivi: "Berlin haikuigawa Afrika, ila iliwapa wagawaji lugha ya pamoja ya kisheria." Ni bora kuliko tulilolianzia, na tumelipata kwa mpinzani. Ndiyo maana pia hoja pinzani isitupwe aya ya pili kutoka mwisho kama kutimiza wajibu. Iweke pale inapouma, kando ya hoja inayoipinga.

Ya pili ni insha ya popo, si ndege si mnyama. Faida hizi, hasara hizi, "kwa hiyo kuna pande mbili". Hutokana na mazoea ya shuleni kwamba usawa ni kugawa aya nusu kwa nusu. Tiba ni kigezo: sema utapima kwa nini (idadi ya maeneo yaliyochukuliwa kabla na baada, maneno ya mkataba, kasi), kisha acha mizani iinamie inakoinamia.

DALILI: "Haitiririki"

Kila mtu hukimbilia viunganishi. Acha. Kupachika "hivyo basi" kati ya aya mbili zisizohusiana ni kumdanganya msomaji, naye anajua.

Chanzo ni mpangilio. Fanya muhtasari wa kinyume: toa namba kwa kila aya, kisha kwa maneno yasiyozidi kumi andika aya hiyo inafanya kazi gani. Si inahusu nini. "Inahusu Bismarck" haitoshi; "inaonyesha kwamba Ujerumani ilianza kabla ya mkutano" inatosha. Sasa funga insha na usome orodha peke yake. Aya mbili zenye kazi moja, ziunganishe. Aya yenye kazi mbili, ipasue. Isiyo na kazi, ihamishie kwenye faili liitwalo mabaki. Roho haiumi sana ukijua haijafutwa, na kwa uzoefu wangu hakuna anayerudi kuifuata.

Kisha jaribu kuunganisha mistari ya orodha kwa sauti. Kama kiungo kinachokubali ni "na pia... na pia... na pia" tu, una orodha ya manunuzi. Unataka "kwa hiyo", "lakini", "hata hivyo haitoshi, maana".

DALILI: "Lugha nzito"

Hapa sitakawia, kwa sababu mara nyingi inapona yenyewe dai likinyooka. Soma kwa sauti. Pumzi ikikatika, sentensi ikatwe. Futa "suala zima la". Futa "ni dhahiri kwamba", maana jambo lingekuwa dhahiri usingeandika insha. Mrudishe mtendaji: "kulifanyika zoezi la ugawanaji wa maeneo" ni "waligawana maeneo", na hapo utalazimika kusema ni kina nani.

DALILI: Asilimia ya ufanano iko juu, au "Chanzo hiki hakipatikani"

Asilimia si hukumu. Programu ya kukagua wizi wa maandishi inahesabu maneno yanayofanana na maandishi mengine, zikiwemo nukuu zako halali na orodha ya marejeleo. Asilimia 25 inaweza kuwa safi; asilimia 6 inaweza kuwa aya moja iliyoibwa nzima. Fungua ripoti uangalie ni nini hasa kilichopakwa rangi.

Chanzo cha kwanza ni kubadilisha maneno huku kitabu kiko wazi mbele yako. Unatoa neno hili unaweka kisawe chake, mifupa ya sentensi inabaki ya mwenyewe, na huo bado ni wizi wa kitaaluma hata ukitaja chanzo vibaya au nusunusu. Funga kitabu, eleza wazo kama unamsimulia mwenzako, andika, fungua tena uhakiki, kisha taja chanzo. Chanzo cha pili ni daftari lisilo na alama za nukuu: wiki tatu baadaye hujui sentensi ni yako au ya nani.

Cha tatu kimekuja karibuni. Programu za akili unde huweza kukutungia rejeleo lenye mwandishi wa kweli, jina la jarida la kweli, na makala isiyokuwepo duniani. Kanuni ni moja: hujakifungua chanzo kwa mkono wako, hakiingii kwenye orodha.

ONYO: ukipokea barua ya tuhuma, SIMAMA hapo hapo. Usifute faili, usibadilishe rasimu, usiandike utetezi mrefu usiku ukiwa na hasira. Hifadhi rasimu zote, madokezo na historia ya matoleo ya faili, soma kanuni za chuo chako kuhusu udanganyifu, na umwone mshauri wa wanafunzi kabla hujajibu. Hapo si mahali pa kujitibu.

DALILI: Ukurasa mweupe

Umeanzia mahali pagumu kuliko pote, utangulizi. Anza na aya unayoijua, hata kama ni ya nne. Ikiwa umekwama siku mbili, jaribu hilo. Ikiwa umekwama wiki kadhaa, usingizi umeruka na kazi za masomo yote zimelala, hakuna mbinu ya insha inayotibu hali hiyo. Mwone daktari au mnasihi wa chuo. Na kama jambo unalieleza vizuri kwa mdomo lakini kusoma kurasa tatu kunakuchukua jioni nzima na herufi zinakuchezea, omba upimwe disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika. Vyuo vingi hutoa muda wa ziada kwa wenye nayo, na wengine hugundua wakiwa watu wazima.

Zaidi ya hayo, maoni yaleyale yakirudi kwenye insha tatu za masomo matatu tofauti, nenda kituo cha uandishi au kwa mkufunzi wako. Beba swali, insha yenye wino mwekundu, na muhtasari wako wa kinyume. Usiseme "naomba unisahihishie", kwani atarekebisha koma na utarudi nyumbani na ugonjwa wako. Sema: "Dai langu ni hili, na sidhani aya ya nne inalibeba."